Taa Zilizotazama Mlima

Walimchukua yaya yangu Ibrahim, kaka yangu mkubwa, jioni, mbele ya wateja waliokuja kucheza, akiwa bado na kitambaa cha kufutia kioo mkononi. Walikuwa basoda wawili, askari wa pozisyo, ile kambi ndogo iliyo kwenye mlima juu ya mji wetu wa Baraka. Hawakupiga mtu. Waliuliza tu, "Mwenye hii taa ni nani?" Yaya akasema ni yeye. Wakatoka naye, na kitambaa chake akaenda nacho.

Asubuhi yake mmoja wao akarudi kutuletea neno. Jina lake Eloge. Tulimjua vizuri, maana siku akikosa zamu alishuka kucheza flipa kwetu, na akishindwa aliipiga mashini mbavuni kama mtu anayefukuza mbuzi. Siku hiyo hakuingia. Alisimama mlangoni, akawa anaongea na viatu vyake.

"Samira, Kapiteni Norbert anasema taa ya hii nyumba iko inaongea na bale waasi ba pori. Inawaka, inazimika, inawaka. Mara tatu, inanyamaza kidogo, mara mbili. Mi njo nilikuwa ku zamu. Mi njo niliona."

"Eloge! We mwenyewe unachezaka hapa. Unajua ni flipa!"

"Flipa ninaijua. Sijue inasemaka nini ukiiangalia kutoka kule juu." Akakohoa. "Ndugu yako anasema si ishara, ni mashini inagonjwa. Kapiteni atakuja leo, mbele ya mangaribi, aone ule ugonjwa na macho yake. Akiuona, atamuachilia. Asipouona, kuna gari inaenda mbele kesho. Itaenda naye."

Hakusema mbele ni wapi. Hatukuuliza. Kwetu, mtu akishapelekwa mbele, watu wanaacha kumtaja jina watoto wakiwa karibu.

Flipa ile ni meza ndefu yenye miguu minne, imefunikwa kioo. Chini ya kioo kuna mpira wa chuma. Unaurusha, unapanda, unagonga vile vichwa vya mpira vinavyourudisha kwa nguvu, na wewe unaukinga kwa vikono viwili usianguke shimoni. Nyuma ya meza kunasimama ubao mrefu wa kioo wenye picha ya mwanamke aliyepanda simba. Kila kitu, meza na mwanamke na simba, kinawaka kutoka ndani. Yaya aliileta kwa boti kutoka Kalemie, kwa watu waliofunga baa yao. Ilipofika ilikuwa karibu kipofu.

Ampuli zake, zile balbu za ndani, ni ndogo kama punje ya karanga, na Baraka nzima hazipatikani. Na zile chache zilizobaki zilikuwa zinamaliza batri haraka. Sisi tunaishi kwa pano mbili za kuvuta jua juu ya bati, batri mbili za gari na konvertisa moja ya kugeuza moto wa batri uwe wa nyumba, na watu wanatulipa kuchaji simu. Basi nikachukua kila ampuli iliyokufa, nikavunja kioo chake, nikabakiza kile kikombe cha chini. Nikatoa ledi, zile taa ndogo nyeupe, kwenye tochi za sokoni na kuzichomea humo moja moja, kwa chuma cha moto. Yaya ndiye aliyenifundisha kushika chuma hicho. Shule yangu iliishia la sita, lakini kutulia sikufundishwa na mtu.

Nilipomaliza, flipa iliwaka nyeupe mpaka wapita njia wakasimama. Batri nazo zilifika jioni bila shida. Yaya alinisifu mbele ya watu.

Lakini ledi si ampuli. Ampuli ya zamani, ukikata moto, uzi wake wa ndani unabaki mwekundu kidogo, unakufa polepole. Ledi haijui kungoja. Mpira ukigonga kile kichwa, sumaku iliyo chini yake inavuta nguvu nyingi kwa ghafla, na batri ikiwa imechoka, taa zote zinazimika na kurudi, pap. Tuliliona hilo. Yaya alisema ni uzuri, mashini inacheza ngoma. Hatukufikiri kwamba ule ubao wa mwanamke na simba unatazama dirisha, na dirisha linatazama mlima.

Eloge alipoondoka, Munira, mke wa yaya, alicheka. Ndivyo alivyo. Wifi yangu akiogopa anacheka, hata kwenye mazishi ya baba yake bamama walimtoa nje.

"Tengeneza," akaniambia, mkono juu ya mdomo. "Kapiteni asikute kitu inawaka inazimika mu hii nyumba. Hata we, usipepese jicho."

Nikafungua kioo. Nilikuwa na redio iliyokufa, nikatoa ndani yake kondansateri, kile kikopo kinachoweka moto kidogo tumboni na kuutoa taa zikitaka kufa. Nikatoa na vipande vinne vya kunyoosha moto usiyumbe, nikavichomea vyote ndani ya flipa. Kazi ambayo siku nyingine ningeifanya huku naimba, siku ile ilinitoa jasho. Nilijichoma kidole mara mbili na sikusikia uchungu hata kidogo. Nje pikipiki ikipita, nilisimama. Mtu akibisha kwa jirani, nilisimama. Akilini nilikuwa naona kitambaa cha yaya, kile cha kufutia kioo, nikajiuliza kama wamemwachia au wamemfungia nacho macho.

Adhuhuri haijafika, nilikuwa nimemaliza. Munira akacheza mchezo mmoja mzima. Mpira uligonga, ukarudi, ukagonga. Taa zilisimama kimya. Hakuna hata moja iliyotikisika.

"Imepona!" Munira akasema. "Wifi, iko imepona kabisa!"

Halafu nikaona uso wake unabadilika. Kicheko kilikatika.

"Samira," akasema polepole. "Sasa atakuja kuona ugonjwa gani?"

Nilikaa chini pale nilipokuwa. Yaya alikuwa mlimani anaapa kwamba mashini inagonjwa, na sisi tulikuwa tumeiponya. Kapiteni angeingia, angecheza, angeona taa zimetulia kama maji ya ndoo, angesema yule mtu ni mwongo. Nilikuwa nimeuondoa ushahidi wa yaya yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa nimefanya kazi safi.

"Rudisha!" Munira akanishika bega. "Rudisha vile ilikuwa!"

Nilipasha chuma upya. Lakini siku ile pano zilikuwa zinashindana na simu za watu zilizokuwa zinachaji ukutani, na chuma kilichelewa kupata moto. Nikangoja. Kungoja ndiyo kazi yangu, ila sijawahi kungoja namna ile. Kilipopata moto, nikaanza kutoa vile vipande, nyaya moja baada ya nyingine, nikizirudisha zilipokuwa. Kile kikopo ndicho nilichotoa mwisho. Kilikuwa bado mkononi mwangu, cha moto, niliposikia gari.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima. Alikuja mapema kuliko tulivyomtegemea.

Kapiteni Norbert alipangusa viatu mlangoni kabla ya kuingia. Ni mtu mfupi, safi, mwenye sauti ndogo, na redio ya upepo imening'inia kifuani. Eloge alikuwa nyuma yake. Dereva alibaki nje na hakuzima gari.

"Salama, bamama."

"Salama, shefu."

"Ndugu yenu anawasalimia." Akatazama flipa, kisha dirisha, kisha mlima nje ya dirisha. "Kwa hiyo njo hii."

"Ni muchezo tu, shefu," Munira akasema.

"Bwana yako pia alisema vile. Mi niliambia batu bangu jana: ile taa ikianza tena, musiulize, mupige ile dirisha. Halafu nikafikiri, hapana, baniulize kwanza, na mi nishuke niione muzima." Akageukia kwangu. "Iko nini mu mukono yako?"

Nilifikiri kudanganya. Lakini chuma cha kuchomea kilikuwa kinatoa moshi pale mezani, na nyumba nzima ilikuwa inanuka. Nikamwambia kweli yote: kwamba asubuhi nilitengeneza kwa woga, kwamba sasa nilikuwa narudisha ugonjwa ili auone.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Ingekuwa afadhali angenikatiza.

"Kwa hiyo we unaweza kuituliza."

"Ndiyo, shefu."

"Na unaweza kuirudishia wazimu. Saa yenye unataka."

Akageuka nyuma.

"Eloge, unasikia? Tulifunga nusu ya batu. Nusu ingine ilikuwa inabaki hapa."

Hapo ndipo nilipoona shimo nililosimama ukingoni mwake. Nikishindwa kuzifanya taa zizimike na kuwaka, yaya ni mwongo. Nikizifanya kwa mkono wangu, mimi ndiye mwenye ishara. Na kati ya hayo mawili hapakuwa na njia ya kupita. Eloge alikuwa ameweka mkono kwenye mkanda wa bunduki. Hakuwa ananitazama usoni.

Nikaweka kile kikopo chini. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, nikainua mikono ili ionekane.

"Shefu, mi sitaigusa tena. Cheza we mwenyewe. Wifi yangu hatagusa, mi sitagusa. Kama inagonjwa, itagonjwa mu mikono yako."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Mi nicheze?"

"Ndiyo, shefu."

Akavuta ule mti wa kurushia mpira. Mpira ukapanda, ukateleza pembeni, ukaanguka moja kwa moja shimoni bila kugonga kitu. Taa zikabaki zimetulia.

"Ile ni kwaida," Eloge akasema. "Ya kwanza inatelezaka, shefu."

"Nilikuuliza?"

Akarusha wa pili. Huu uligonga kichwa kimoja, kisha kingine, kengele ikalia. Nilikuwa natazama taa bila kupumua. Zilitikisika kidogo sana, kama mtu anayemeza mate, na zikasimama. Hazikuzimika.

Kapiteni akatoa mikono kwenye mashini na kuifuta kwenye suruali.

"Haigonjwe," akasema. "Eloge, ambia dereva—"

"Jua!" Nilisema kwa sauti kubwa mpaka mwenyewe nikashtuka. "Shefu, ni juu ya jua. Pano iko inakunywa jua, batri iko na nguvu. Jioni inachokaka. Tuma Eloge apande juu ya bati, afunike pano. Si mi. Yeye."

"Afunike na nini?"

Munira alikuwa amevaa vitenge viwili. Akafungua cha juu pale pale, akamtupia Eloge. Kapiteni alitazama kitenge, akanitazama mimi, muda mrefu. Kisha akafanya ishara kwa kidevu.

Tulimsikia Eloge juu yetu, bati linalia chini ya buti zake. Kivuli cha mlima kilikuwa kimeshuka mpaka nyuma ya nyumba, na ndani kulikuwa kunaingia giza lile la mapema tunalolijua sisi tunaokaa chini ya milima. "Nimefunika!" Eloge akaita. Simu zilikuwa bado zinakula batri ukutani. Nikaomba batri ichoke. Sikujua kama mtu anaruhusiwa kuomba jambo kama hilo.

Kapiteni akarusha mpira wa tatu.

Uligonga. Taa zote zikazimika na kurudi.

Uso wake ulikuwepo, haukuwepo, ukawepo. Mpira ukagonga tena, na tena, na kila ulipogonga nyumba nzima ilimezwa na kutemwa. Alishtuka kwanza. Halafu akainama, akaanza kuukinga kwa vile vikono, mpira ukirudi juu, taa zikikatika, kengele ikilia. Nilimwona meno. Alikuwa amesahau alichokuja kufanya. Alikuwa anacheza.

"Iko vile!" Munira akalia. "Shefu, njo ugonjwa, iko vile!"

Redio kifuani pake ikakwaruza.

"Shefu, shefu... taa imeanza. Ile dirisha. Iko mutu anasimama pale. Tupige?"

Sijui nani alielewa kwanza. Nadhani ni yeye. Mkono wake uliruka kwenye redio. "Hapana! Ni mi! Musipige, ni mi!"

Mkwaruzo. "...sisikie, rudia. Tupige?"

Akajitupa chini. Munira akajitupa, na mimi. Sementi ilikuwa baridi kwenye shavu langu. Kapiteni alikuwa karibu na mguu wangu, anapiga kelele kwenye redio, kidole kinateleza kwenye kile kifungo. Na juu yetu flipa haikujua kitu. Mpira ulikuwa umenasa kati ya vichwa viwili, kimoja kinautupa kwa kingine, na kila mara taa zilikatika na kurudi dirishani, zikiuita mlima. Juu ya bati Eloge alikuwa analia, "Ni Eloge! Mi njo Eloge! Bandugu!" Bati lilikuwa linapigwa na magoti yake.

Nilikuwa nimesema sitaigusa. Nilitambaa chini ya ile meza, nikaufuata waya wa konvertisa kwa vidole, nikauvuta.

Giza. Mpira ukashuka peke yake, polepole, ukaanguka shimoni. Hata dereva nje nadhani aliusikia.

Hatukusogea. Nilikuwa nangoja sauti ya risasi namna mtu anavyongoja kofi, shingo imeingia mabegani.

"Ni mi mwenyewe nilikuwa ninacheza, mupumbafu," Kapiteni akasema kwenye redio, taratibu sana. "Weka silaha chini. Unasikia?"

"Nasikia sasa, shefu." Halafu, kabla hajaachia kifungo, yule soda wa kule juu akafanya sauti ndogo. Ilikuwa kama kicheko kilichomezwa.

Na hapo mabega ya Munira yakaanza kutikisika.

Woga niliousikia wakati ule ulipita ule wa risasi. Kapiteni alikuwa bado amelala kifudifudi kwenye sementi yetu, vumbi kwenye shavu, na wifi yangu alikuwa anakaribia kucheka. Yaya alikuwa bado mlimani. Nikamshika Munira kichwa, nikamkandamiza usoni kwenye kifua changu, nikasema kwa sauti, "Lia, wifi. Lia tu. Imepita." Alitikisika mikononi mwangu. Nilihisi meno yake kupitia nguo. Nikambana mpaka nikaogopa nitamziba pumzi.

Kapiteni akainuka. Hakupita mbele ya dirisha, alizunguka kwa kufuata ukuta. Akapangusa goti moja, kisha lingine. Mimi nilitazama sakafu. Nilijua ananiangalia aone nimeona nini, na nilijitahidi nisiwe nimeona kitu.

"Analia nini huyu?"

"Anaogopa, shefu. Sisi hatujazoea."

"Iko na haki ya kuogopa," akasema. Sauti yake ilikuwa bado inatafuta mahali pake. "Hii mashini inagonjwa."

"Ndiyo, shefu."

"Inagonjwa sana. Nilisema tangu mwanzo kama inagonjwa." Hakuwa amesema hivyo. "Itengeneze. Na ile dirisha, muizibe na matofali. Nikiona mwanga upande ule, hata wa kibiriti, sitauliza tena."

"Na ndugu yangu, shefu?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Akapangusa viatu, ingawa alikuwa anatoka.

"Atashuka na miguu. Gari yangu haibebe raia."

Eloge alishuka kutoka juu ya bati, akakunja kile kitenge mara nne kabla ya kumpa Munira. Hakuaga.

Tukakaa kungoja. Hakuna aliyefunga mlango, hakuna aliyethubutu kusimama mlangoni. Neno la kapiteni ni neno lake, anaweza kulirudisha njiani. Nilifikiria goti lake lenye vumbi, na ule mcheko mdogo wa redioni, na safari nzima ya gari mpaka mlimani ambayo angekuwa anaufikiria. Munira sasa alikuwa analia kweli. Adhana ya mangaribi ikalia. Watu wakapita kwenda msikitini, wengine wakageuza macho walipofika kwetu.

Yaya alikuja kwa njia ya nyuma, kwenye mihogo, akiwa na kandambili moja mguuni. Hakutaka kuingia kupitia ukumbi wa flipa. Munira akamletea maji, akanawa uso, akanawa tena, kama mtu anayetafuta kitu kwenye ngozi yake.

"Lile shimo balinitia," akasema, "iko chini ya pale basoda banafanyaka zamu. Nilisikia yule soda anavuta chuma ya bunduki. Anauliza, tupige? Hakuna jibu. Anauliza tena. Na mi nilijua nani anakaaka mbele ya ile mashini saa ile." Akanitazama. "Ulikuwa mbele yake?"

"Nilikuwa chini, yaya."

"Chini wapi?"

"Chini yake."

Akafunika macho kwa mkono.

Munira akaleta bugali na ndagala, akaweka katikati yetu. Kulikuwa kumeshaingia giza kabisa, sahani haionekani. Aliinua mkono kwenda kwenye kifungo cha taa ukutani, kwa mazoea. Mkono ukafika, ukasimama, ukarudi. Tukala vile vile, tukitafuta samaki kwa vidole.